Jibu: Redio ya kwanza binafsi ya muziki Nairobi, na gari lisiloshika 98.4

Ndugu, umeuliza kama Kiss FM ndiyo redio binafsi ya muziki iliyotangulia Nairobi, na kwa nini redio ya gari lako la Japani haishiki Capital FM. Iliyotangulia ni Capital FM, mwaka 1996, kwenye masafa ya FM 98.4. Kiss ilikuja 2000. Metro FM ni ya KBC, shirika la utangazaji la umma, kwa hivyo haiingii hapa. Marehemu Chris Kirubi, aliyekuwa mmiliki wa Capital, alikuwa akiingia studio mwenyewe kupiga muziki kwa jina la DJ CK, na hilo liliipa stesheni sura yake kuliko tangazo lolote.

Gari sasa. Redio nyingi za Japani huanzia 76 na kuishia 90, kwa hivyo 98.4 iko nje kabisa. Nunua ekspanda, kifaa kidogo kinachoshusha masafa ya stesheni ili redio ya Japani iyafikie. Ichomeke kati ya waya wa antena na redio, waya mwekundu kwenye volti 12 za swichi ya gari, mweusi kwenye chuma cha bodi ya gari. Ikiwa inapunguza masafa kwa 10, tafuta Capital kwenye 88.4. Ukisikia stesheni mbili pamoja, ujue stesheni nyingine iliyo karibu na 88.4 inapenya moja kwa moja bila kushushwa. Badilisha ekspanda, chukua inayopunguza 12, uitafute kwenye 86.4. Sauti ikiwa hafifu, angalia kwanza waya mweusi: rangi ya bodi huzuia umeme, ikwangue.