Kumlaza kobe kipindi cha baridi ukiwa sehemu ya joto
Kobe wa Hermann, kobe mdogo wa kusini mwa Ulaya, hulala usingizi mrefu wakati wa baridi, na anayefugwa hulazwa na mfugaji mahali penye ubaridi. Gereji ya sehemu ya joto kama kusini mwa California, isiyoshuka chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, haifai kumlaza. Ikizidi 10 anabaki nusu macho, anamaliza akiba ya mwili bila kula kitu. Tumia friji ndogo, nyuzi 5 hivi; ikikaribia 0 anaweza kupofuka. Fungua mlango kila siku hewa iingie.

Kabla ya hapo mwachishe chakula wiki 3 angali kwenye joto, umwogeshe maji vuguvugu kila siku ili tumbo liwe tupu. Chakula kikibaki kitaozea ndani.

Mpime uzito kila wiki: akipungua asilimia 10, au akikojoa (mkojo ndio akiba yake ya maji), mwamshe. Mgonjwa halazwi. Kobe wa madoa wa Afrika Mashariki naye usimlaze kabisa, hana usingizi huo.