Potasiamu: ndizi peke yake haitoshi

Dada, nimekuelewa: vipimo vimeonyesha potasiamu (madini ambayo mwili huyapata kwenye chakula) iko chini kidogo, na umeambiwa uirekebishe kwa chakula. Ndizi mbivu moja ina kama miligramu 400 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3510 kwa siku. Mimi nategemea zaidi maharage, viazi vitamu, mchicha, parachichi, na dafu nikilipata.

Angalia mapishi. Ukimenya viazi, ukavikatakata, ukachemsha na kumwaga maji, potasiamu nyingi imeenda na maji hayo. Chemsha na maganda. Mchicha wangu naufunika uive kwa majimaji yake, siukamui.

Kama una tatizo la figo au unatumia dawa za presha, muone daktari kwanza: potasiamu ikizidi, huvuruga mapigo ya moyo. Misuli ikilegea au moyo ukirukaruka, nenda hospitali leo hii.