Ukipima ugumu wa maji ya kisima kwa EDTA, anza na pH

Mwanafunzi wa kemia hapa Mombasa hahitaji kwenda mbali kutafuta maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani kalsiamu kaboneti, na visima vingi vilivyo karibu na pwani huingiwa na maji ya bahari. Ndiyo maana sabuni hukataa kutoa povu na birika hushika ukoko mweupe. Wanafunzi ninaowasimamia maabarani hulaumu bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea dawa) titresheni inapowagomea, yaani kupima kwa kudondosha dawa hadi rangi igeuke, nami huwaambia tuitazame pH, kipimo cha uasidi na ualkali, kwanza.

EDTA ni dawa inayoshika ioni za metali, na molekuli yake moja hushika ioni moja tu, iwe ya kalsiamu au ya magnesiamu. Kiashiria chetu, yaani rangi inayotuonyesha mwisho wa kipimo, Eriochrome Black T, kikishikana na magnesiamu huwa na rangi ya damu ya mzee. EDTA ikikinyang'anya ioni ya mwisho, kinageuka buluu. Yote haya hutokea vizuri kwenye pH 10. Ikishuka, EDTA hushika kwa ulegevu na rangi huburuta. Ikipanda mno, magnesiamu huganda ikawa hidroksidi. Bafa ya amonia, mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike, ndiyo inayokulinda, lakini kwa joto letu amonia hutoroka upesi chupa ikiachwa wazi. Ukishaitia, dondosha tone la sampuli kwenye karatasi ya pH uhakikishe. Kisha usikawie, maliza ndani ya dakika 5, la sivyo kalsiamu kaboneti itaanza kutuama.

Kisima chenye chumvi kizimue. Maji ya bahari yana takriban miligramu 1,300 za magnesiamu kwa lita na 400 za kalsiamu, kwa hiyo hata yakipenya kidogo utamaliza bureti nzima. Chukua mililita 25, ongeza maji yaliyotoneshwa.

Karibu na mwisho huja zambarau, na hapo ndipo wengi husimama. Bado! Magnesiamu huachana na kiashiria polepole. Tia tone, tikisa, subiri kidogo, tia jingine, huku chupa imekaa juu ya karatasi nyeupe, hadi wekundu wote utoweke. Rangi ikikataa kabisa kuwa buluu, shuku chuma au shaba kutoka kwenye mabomba. Kwa chuma, trietanolamini, dawa inayokishika kisiingilie, husaidia. Vitabu hutaja pia sianidi. Mimi siiruhusu kabisa mikononi mwa mwanafunzi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gramu 3.722 za chumvi ya EDTA yenye sodiamu mbili na maji mawili, katika lita moja, ni 0.01 M (moli 0.01 kwa lita), na kila mililita yake ni sawa na miligramu 1 ya kalsiamu kaboneti. Mililita 25 za kisima zikila mililita 18, ugumu ni miligramu 720 kwa lita. Ukitaka kalsiamu peke yake, chukua sampuli nyingine, ipandishe hadi pH 12 kwa sodiamu hidroksidi ili magnesiamu igande, utumie kiashiria kingine, mureksidi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo magnesiamu. Na EDTA yako ihifadhi kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu kioo cha kawaida huachia kalsiamu yake ndani ya dawa.