Unaanza kazi ya vitabu Tanzania? Jua kwanza nani ananunua

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 Tanzania. Ukiripoti kazini kwenye kampuni ya uchapishaji ukiwa na namba hiyo kichwani utachanganyikiwa wiki ileile ya kwanza, maana utawakuta wakubwa wakibishana kama riwaya mpya ichapwe nakala 500 au ithubutu kufika 1,000. Kwa vitabu visivyo vya darasani, hii ni nchi ndogo. Likubali hilo mapema.

Wengi mnaokuja mmesoma Kiswahili au fasihi chuoni, na mna jicho la muswada mzuri. Jicho hilo tunalihitaji. Ila swali litakaloamua mezani ni nani atatoa hela, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa shule. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Macmillan ya Uingereza, enzi ambazo dola ndiyo iliyopanga mtoto asome nini. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa kwa kampuni binafsi, nazo zikajaa kwenye vitabu vya kiada (vya kufundishia darasani): unaandaa kitabu, kinapata ithibati, shule inachagua. Halafu malalamiko ya makosa vitabuni yakafika hadi bungeni, na mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikitoa ithibati ikavunjwa. Kiada kikarudi mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, kitabu kimoja kwa somo. Kampuni iliyoishi kwa kiada peke yake ikajikuta haina cha kuuza.

Kwa hiyo ukipewa orodha ya vitabu vya kampuni yako, pitia kimoja kimoja na kalamu mkononi uandike pembeni anayekinunua. Vitabu vya ziada bado viko wazi, ila navyo vinapita Taasisi kwa ukaguzi. Riwaya, tamthilia na diwani zikiteuliwa kusomwa sekondari, hiyo ni mvua ya miaka kadhaa. Vitabu vya watoto vilishikwa mkono na Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu 1991, uliokuwa ukinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Ukiona jina la mnunuzi mmoja limejirudia ukurasa mzima, mwambie bosi wako. Hatafurahi, lakini mwambie.

Pili, nenda kiwandani. Usitume barua pepe, nenda ukasimame kando ya mashine. Karatasi kubwa inayochapwa ikishakunjwa hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 128 ni mikunjo minane kamili. Mwandishi akiomba aongezewe shukrani na dibaji ya mjomba wake, kikawa cha kurasa 131, umelipia mkunjo mwingine, au nusu yake, kwa ajili ya kurasa tatu. Hapo ndipo mhariri anapoheshimika: anafuta aya inayojirudia, anakaza sura iliyomwagikia ukurasa wa pili kwa mistari miwili, anakirudisha kwenye 128. Na mchapaji akikushawishi uongeze idadi kwa kuwa gharama ya pleti, yaani bamba la kuchapia, ni ileile, hesabu yake ni ya kweli: nakala moja itashuka bei. Lakini ushuke bei wa nini kama maboksi yatalala stoo yakiliwa na mchwa?

Kuna kosa dogo linalotutia aibu kila siku. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, programu haijui hilo, unapata “nyum-ba” na “wan-afunzi” katika kitabu cha mtoto anayejifunza kusoma! Zima ukataji huo, au kagua mstari kwa mstari kwenye prufu (nakala ya majaribio) ya karatasi. Kwenye kioo jicho linaruka.

ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Namba zetu baada ya 978 hufuatwa na 9976 au 9987. Jalada gumu, jalada laini na toleo la kielektroniki, kila kimoja kina namba yake. Basi.

Kuuza ndiko kwenye kazi. Maduka mengi hupokea vitabu kwa mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa vikishauzwa, na kuna kulipwa na kuna kuzungushwa. Chukua kitabu cha shilingi 10,000. Duka likikata 3,500 na mrabaha wa mwandishi, yaani malipo yake kwa kila nakala inayouzwa, ukiwa asilimia 10, umebaki na 5,500 ya kulipia kiwanda, mhariri, mchoraji, pango na nauli ya boksi linalopanda basi kwenda Mwanza. Usiachie boksi bila hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Namba ya simu ya kondakta nayo iandike.

Kuhusu majarida nitasema kidogo. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na lilisomwa kwa miongo, lakini nyuma yake ilikuwepo serikali. Jarida la Fema limefika shule za sekondari bure kwa fedha za wafadhili. Anayetaka jarida liishi kwa mauzo ya mezani anatafuta shida: leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, matangazo yanayokimbilia mitandaoni, na toleo la mwezi uliopita ambalo hakuna anayelitaka.

Wapo waandishi wanaouza hadithi sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji akilipa kwa simu ndipo anarushiwa sehemu inayofuata. Ofisini utasikia wakibezwa. Mimi naona wanawajua wasomaji wao kuliko idara yetu ya masoko, na kama ningekuwa naajiri leo ningeanza na mmoja wao. Ukisaini nao, mkataba utaje waziwazi nani anamiliki haki za toleo la simu, sauti, tafsiri na filamu.

Na kila mwaka, katika tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, mtumie mwandishi taarifa ya mauzo hata kama zimeuzwa nakala nne. Asiyepewa hesabu huanza kuamini mmeuza maelfu, na muswada wake unaofuata utauona umechapwa kwa hela zake mwenyewe, bila mhariri, ukiuzwa Kariakoo.