Kabla ya Kumtajia Jeni, Muulize Kazi Yake

Mara ya kwanza nilipobishana kwa dhati kuhusu mageuko ya viumbe, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi kutoka kwa mababu wa pamoja, nilishindwa na mtu aliyeacha somo la baiolojia akiwa na miaka 16. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, kichwa kimejaa istilahi. Shemeji yangu, ambaye ni mhandisi, alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza: "Sasa shemeji, kama tumetokana na nyani, mbona nyani bado wapo?" Sebule nzima ikacheka. Nikaanza kujibu kwa maneno ambayo hakuna aliyeyajua pale, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu anayekwepa swali.

Jibu lenyewe ni fupi. Wewe na binamu yako mna bibi mmoja. Hukuzaliwa na binamu yako, na kuzaliwa kwako hakukumfuta yeye. Sokwe ni binamu wa namna hiyo. Ukoo wake na wetu uliachana miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita. Nyani ni wa mbali zaidi, zaidi ya miaka milioni 20. Na hapa Kiswahili chetu cha mitaani kinatuponza, maana tunamwita "nyani" kila mnyama anayefanana nasi kidogo. Anayebisha anamwona akilini yule mwenye mkia na pua ndefu, na ana haki ya kucheka. Siku hizi nikilisikia neno hilo nasimama hapo kwanza, kwa sababu mara nyingi mtu anachokikataa ni dai ambalo hata mimi nalikataa.

Neno "nadharia" nalo ni hivyo hivyo. Mtaani ni kinyume cha vitendo, mambo ya watu wasiochafua mikono. Ukimwambia mtu "nadharia ya mageuko" umeshamsaidia kukupinga. Mimi nasema "maelezo ya wanasayansi" na kuendelea.

Lakini kilichobadilisha kabisa namna yangu ya kuzungumza ni mwalimu mmoja wa historia niliyefanya kazi naye. Alikuwa na hoja nzuri kuliko za wengi: kufanana si ushahidi wa undugu, kwani seremala mmoja anaweza kutengeneza meza mbili zinazofanana bila moja kuizaa nyingine. Nilikuwa karibu kumwaga DNA yote niliyonayo. Badala yake nikamuuliza, "Mwalimu, unajuaje kwamba wanafunzi wawili wameangaliziana kwenye mtihani?"

Akajibu bila kufikiri. "Majibu sahihi hayanisaidii, huenda wote wamesoma. Natafuta kosa. Kosa lile lile, mahali pale pale."

Basi nikamweleza kuhusu vitamini C. Mamalia wengi huitengeneza wenyewe ndani ya ini. Sisi hatuwezi, ndiyo maana tukikosa matunda na mboga kwa muda mrefu tunapata kiseyeye. Ila jeni ya kazi hiyo, yaani maagizo ya kuifanya tunayorithi kwa wazazi, bado tunayo, imeharibika tu, imelala humo kama mashine mbovu ambayo hakuna aliyeitoa. Sokwe naye anayo mbovu, na sehemu nyingi za ubovu wake ni zile zile zetu. Kisha yuko simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayefugwa kama sungura. Naye hawezi kutengeneza vitamini C, lakini jeni yake imeharibika kwa namna nyingine.

Mwalimu alinyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo huyo simbilisi alikosea peke yake."

Hakusema kwamba amekubali. Alisema atalifikiria, na mimi nikaishia hapo hapo, jambo ambalo zamani nisingeliweza. Tangu siku hiyo ndiyo njia yangu: mtu asiyesoma baiolojia amesoma kitu kingine, na huko aliko tayari anajua kupima ushahidi. Kazi yangu ni kuutafuta mlango huo.

Kwa shemeji mlango ulikuwa ni nyaya. Yeye hoja yake ni usanifu: mwili umepangika mno kuwa matokeo ya uteuzi wa asili usio na akili. Nikamchorea neva moja inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye zoloto, pale sauti inapotokea. Kwa upande wa kushoto haiendi moja kwa moja. Inateremka hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, ndipo inapanda tena shingoni. Kwa twiga safari hiyo inapita mita 4. Kwa samaki, ambaye hana shingo, neva inayolingana nayo inapita njia fupi kati ya mishipa ya matamvua, na hakuna cha kushangaza. Shingo ilipozaliwa na kurefuka, waya ulinaswa upande usiofaa wa mshipa. Shemeji aliutazama mchoro kwa muda, akasema: "Hii ni nyumba iliyoongezwa vyumba watu wakiwa wanaishi ndani." Sijawahi kusoma maelezo bora kuliko hayo.

Onyo moja kuhusu mfano huo. Wakati fulani niliutumia kumkejeli Muumba mbele ya mtu wa dini, na mazungumzo yakafa pale pale, kwa haki kabisa. Ukimfanya mtu aamini kwamba lazima achague kati ya imani yake na mifupa ya kale, atachagua imani, na hatakusikia tena. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakubwa wa sayansi hii katika karne ya 20, alikuwa Mkristo. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Nawataja si ili kumaliza ubishi, bali mtu aone kwamba haombwi kuhama nyumba.

Wafamasia ni rahisi: usugu wa dawa wanauona kila siku. Ugumu unakuja wanaposema, "Sawa, lakini bakteria amebaki kuwa bakteria." Usiidharau hoja hii. Niliwahi kuijibu kwa jaribio la mwanabaiolojia Richard Lenski lililoanza 1988, ambamo kundi moja kati ya 12 ya bakteria, baada ya vizazi zaidi ya 30,000, lilianza kula sitrati (kemikali iliyomo kwenye ndimu na malimau) penye oksijeni, jambo ambalo bakteria hao kwa kawaida hawawezi. Nikaulizwa, "Na bado ni bakteria?" Ndiyo, bado. Mfano mzuri, swali lisilo lake.

Jibu linalofaa ni Tiktaalik, kiumbe wa kale aliye katikati ya samaki na wanyama wa miguu minne. Wanasayansi walijua samaki wa kale na wanyama wa kale wa miguu minne wako kwenye miamba ya umri gani, wakakadiria kwamba wa katikati lazima awe kwenye miamba ya miaka milioni 375 hivi, wakaenda kuichimba kaskazini mwa Kanada kuanzia 1999. Mwaka 2004 wakampata: ana magamba na mapezi, lakini ana shingo, na ndani ya pezi kuna mifupa ya kiwiko na kifundo cha mkono. Msisitizie msikilizaji kwamba utabiri ulitangulia.

Na ukiulizwa uhai wenyewe ulianzaje, sema hujui. Mimi nasema hivyo, kisha natoa mfano wa lugha. Mtu, munhu, omuntu, umuntu: tunaweza kuonyesha kwamba Kiswahili, Kishona, Kiganda na Kizulu vina mama mmoja bila kujua binadamu wa kwanza alianzaje kusema. Na hakuna siku ambayo mama alizungumza lugha moja na mtoto wake akaamka na nyingine.

Mbele ya kundi sibishani tena. Watu wakitazama, hakuna anayeweza kubadili mawazo bila aibu.

Juzi shemeji alinitumia picha ya mifupa ya nyangumi, na swali: "Hii nyonga inafanya nini humu?" Nikamjibu kwamba inashikilia misuli ya uzazi, na kwamba mababu wa nyangumi walikuwa na miguu ya nyuma. Ameshasoma. Hajajibu, na sijamuuliza.