Umeme Unaopita Juu ya Vichwa Vyetu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: nchi yenye madini mengi na mto mkubwa kama Kongo inakosaje umeme, na ni lipi lifanywe kwanza? Ninajibu nikiwa Lubumbashi, ambako nina mashine mbili za kusaga mahindi, na kwa hiyo swali lenu kwangu ni hesabu ya kila siku. Umeme mtaani kwetu mara nyingi hurudi baada ya saa nne usiku. Akina mama huja jioni na mabeseni yao ya mahindi, huyapanga ukutani kwa zamu, kila mmoja akifunika la kwake kwa kipande cha kitenge ili lijulikane, kisha hujinyoosha juu ya magunia matupu na kusubiri. Taa ikiwaka, anayeamka wa kwanza huwaamsha wenzake, nasi tunasaga mpaka alfajiri ili unga wa bukari, yaani ugali, upatikane kesho yake.

Kabla ya yote, ninalo neno dhidi ya namna swali lilivyoulizwa. Kusema tu kwamba tunakosa umeme ni kana kwamba haujawahi kuja. Umekuja, tena kutoka mbali sana. Mitambo ya umeme wa maji ya Inga 1 kwenye mto Kongo, yenye uwezo wa megawati 351, ilianza kazi mwaka 1972, na Inga 2, yenye megawati 1,424, ikafuata miaka 10 baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakamilika mstari wa nyaya wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, huku kwetu kwenye shaba. Mstari huo husafirisha mkondo mnyoofu (DC) wa kilovolti 500, na ufundi wake ndio siri ya jambo zima: mkondo wa namna hiyo haugawiki njiani kwa kufunga transfoma juu ya nguzo kama ule wa kawaida, bali huhitaji kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza kwanza. Vituo vya kugeuza vilijengwa viwili tu, kimoja kila mwisho. Ndiyo maana vijiji vilivyo chini ya nyaya hizo vimeishi zaidi ya miaka 40 katika giza, vikiangalia umeme ukipita juu ya vichwa vyao. Haikuwa ajali, mstari ulichorwa kwa ajili ya migodi, nao unafanya kazi uliyochorewa, pale mitambo ya Inga inapokuwa mizima, maana kwa miaka mingi kadhaa kati yake imekaa bila kuzunguka.

Leo ni takriban Mkongo mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, hali nchi hii inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani na imeipita Peru katika shaba. Wengi huyasimulia mambo haya mawili kama kitendawili. Mimi naona ni jambo moja. Katika viwanda vyetu vingi shaba huyeyushwa kwa asidi, kisha hunaswa kwenye mabamba kwa nguvu za umeme, na tani moja hula karibu kilowati-saa 2,000 katika hatua hiyo peke yake. Nyumba yenye taa, friji ndogo na jiko moja linalotumiwa kwa kubana, tuseme inatumia kilowati-saa 100 kwa mwezi. Lori moja la tani 30 za shaba linalovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kuelekea Dar es Salaam, kwa hesabu hiyo, limebeba umeme wa nyumba 50 kwa mwaka mzima. Nalo likirudi, mara nyingi wenzake njiani ni magari yaliyobeba dizeli, kwa sababu migodi nayo haitoshelezwi: huendesha jenereta, hununua umeme Zambia, na ukame ulipolikumba bwawa la umeme la Kariba huko Zambia mwaka 2024 hata mlango huo ukawa mwembamba.

Sasa tuje kwenye mazingira, ambayo hutajwa mwishoni kama jambo la heshima tu. Nyumba isiyo na umeme hupikia makala, ambayo ninyi wa pwani mnaiita mkaa. Ukisimama alfajiri kwenye barabara ya Likasi utawaona vijana wakisukuma baiskeli zenye magunia matatu au manne, yamefungwa mpaka msukumaji haonekani, breki yake ikiwa ni kisigino cha kandambili. Nilipokuwa mtoto msitu wa miombo ulikuwa mwendo mfupi kutoka mjini. Hao vijana sasa hulala njiani. Na mti ukikatwa katika bonde la Lufira, udongo wake husombwa na mvua hadi mtoni, na mtoni kuna bwawa la Mwadingusha, la tangu mwaka 1930, linalolizalishia umeme eneo letu hili hili la Katanga. Kwa hiyo tunachoma miti kwa kukosa umeme, kisha tunalijaza tope bwawa la umeme. Uchafu wa viwanda vya madini vya Likasi ni shauri jingine lililoingia katika ziwa la bwawa hilohilo, na wanaokula samaki wake wanastahili jibu refu kuliko hili langu.

Ndiyo maana sishangilii sana ninaposikia habari za Inga 3. Mpango uliozungumzwa zaidi ulikuwa wa megawati 4,800. Kwa mkataba wa mwaka 2013 Afrika Kusini ilitengewa 2,500, na sehemu kubwa ya zilizobaki ikaelekezwa migodini. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2016, na mwaka 2025 imerudi na fedha mpya. Mradi unaweza kuwa mzuri, lakini ukichorwa kwa kalamu ya miaka ya 1970 utatupa mstari wa pili wa kutazama.

La kwanza kufanywa, kwa maoni yangu, ni dogo na halina sherehe: transfoma za mitaa na nyaya za kufika majumbani. Fedha zipo kisheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha, yaani ada ambayo migodi huilipia madini inayoyachimba, kwa komyuni na sekta (serikali za mitaa) ambako mgodi upo, na asilimia 25 kwa jimbo. Transfoma ya mtaa wetu ilipoungua, tulichangishana nyumba kwa nyumba, hata mjane anayeuza sambusa mbele ya mashine yangu akatoa fungu lake, huku magari ya shaba yakipita barabara ya pili. Sehemu ya mrabaha huo itengwe kwa kazi hiyo moja, na orodha ya mitaa iliyofikiwa ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya komyuni kila robo mwaka, mtu aweze kuisoma akipita.

Halafu bei ya umeme wa kupikia ishushwe kwa saa za usiku, wakati ambao mimi na wateja wangu tuko macho kwa vyovyote. Maharagwe ya kesho yangechemka palepale, mahindi yakisagwa.

Msomaji wenu,
Lubumbashi