Ruta inasahau settings umeme ukikatika na linki ya seriali haipandi: usiirudishe dukani kwanza

Kuna mdogo wetu wa Nyakato kauliza swali zuri sana. Kanunua ruta mbili za mtumba, Cisco 1841, anajifunzia mambo ya WAN (mtandao wa kuunganisha maeneo ya mbali) hapo nyumbani, kaziunganisha zenyewe kwa zenyewe na kebo ya seriali, na amekwama sehemu mbili. Ya kwanza, umeme ukikatika ukarudi ruta moja inaamka tupu, inamuuliza kama anataka kuanza setup upya, na anaapa kwamba alisevu. Ya pili, intafesi ya seriali inasoma up lakini line protocol iko down. Wadau wengi wamemjibu kapigwa, ruta mbovu, akarudishe. Mdogo wangu usirudishe. Hilo la kwanza nalijua vizuri kwasababu lilinipandisha meli ya Nansio, kule Ukerewe, mara mbili ndani ya wiki moja.

Enzi hizo nilikuwa nahudumia matawi ya ofisi moja hapa kanda ya ziwa, na tawi la Ukerewe lilikuwa na ruta kama hiyo yako, imefungwa kwenye kabati dogo nyuma ya kaunta. Umeme ukakatika usiku, asubuhi tawi halionekani huku mjini. Nikapanda meli, masaa kama matatu majini, nimefika nikachomeka kebo ya konsoli, ile bapa ya bluu, nikafungua laptopu kwa spidi ya 9600, kitu cha kwanza naona ni swali la kuanza setup. Nikasema sawa, labda aliyenitangulia hakusevu. Nikapaste config yangu yote niliyokuwa nayo kwenye faili, nikaandika write memory, ikajibu OK, nikafanya ping mjini ikajibu, nikaaga watu nikarudi. Siku ya tatu umeme ukakatika tena na tawi likapotea tena vilevile.

Mara ya pili ndio nikatuliza akili. Nikaandika show version na safari hii nikasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao karibu kila mtu anauruka. Uliandikwa Configuration register is 0x2142. Hapo nikaelewa kila kitu.

Sasa ili uelewe hiyo namba lazima ujue ndani ya hilo boksi kuna kumbukumbu nne na kila moja ina kazi yake. Kuna ROM, hiyo ndio inaamka ya kwanza, inajikagua, halafu inaenda kutafuta IOS, yaani programu inayoendesha ruta. IOS yenyewe inakaa kwenye fleshi, kwenye 1841 ni kile kikadi cha CompactFlash unachokiona kwa nyuma (usikichomoe ruta ikiwa inafanya kazi, nakuomba), na kama kikadi hakipo au faili limeharibika unaishia kwenye rommon, ile hali ya dharura ya ROM. IOS ikipatikana inafunguliwa kwenye RAM, na RAM ndipo panapoishi kila kitu cha sasa hivi, yaani running-config, routing table, ARP, vyote, na umeme ukienda navyo vinaenda. Kile ulichosevu kipo NVRAM, ndio startup-config, hiyo haipotei hata ukizima mwezi mzima. Ukiandika write memory unatoa nakala kutoka RAM unapeleka NVRAM, basi.

Ile configuration register ndio inayomwambia ruta aamke vipi. 0x2102 ni kawaida, tafuta IOS kwenye fleshi kisha soma NVRAM. 0x2142 maana yake amka lakini usiisome NVRAM. Hiyo inatumika mtu akisahau paswedi, anaipita config, anabadilisha paswedi, halafu anatakiwa airudishe 0x2102. Sasa ruta za mtumba nyingi zimepita mkononi mwa mtu aliyefanya hivyo ili aiuze, akaacha hapohapo. Yan config yako ipo salama kabisa humo ndani, ila ruta imeambiwa isiiangalie!

Kwahiyo fanya hivi, na fuata mpangilio. Swali la setup lijibu no. Ingia enable, andika copy startup-config running-config ili ile yako ya zamani irudi RAM. Usiandike write memory kabla ya hapo, maana utasevu utupu juu ya kazi yako na hapo ndio utalia kweli. Halafu ingia configure terminal, pita kwenye intafesi zako uweke no shutdown kwasababu zitakuwa zimefungwa, ndipo uweke config-register 0x2102, toka, write memory, reload. Ikiamka, show version tena, soma mstari wa mwisho.

Tuje kwenye seriali. Up upande wa kushoto inakwambia umeme wa kebo unasikika, yaani waya na kadi vinaonana. Line protocol down inakwambia zile ruta haziongei lugha moja au hazina mdundo mmoja. Kwa waya wa kukodi kutoka kwa mtoa huduma, mdundo unatoka kwenye kifaa chake cha CSU/DSU, wewe ruta yako ni DTE unapokea tu. Nyumbani huna hicho kifaa, kwahiyo ruta moja lazima ijifanye mtoa huduma, iwe DCE, itoe clock, yaani huo mdundo. Ni ipi? Kebo ndiyo inayoamua, angalia kichwa chake kimeandikwa DCE au DTE. Kama maandishi yamefutika, na kwenye za mtumba hufutika sana, andika show controllers serial 0/0/0 itakuambia V.35 DCE au DTE. Kwenye upande wa DCE tu weka clock rate 64000. Niliwahi kukaa usiku mzima naweka clock rate upande wa DTE, inakataa, mi nadhani IOS ina tatizo, kumbe ncha za kebo nimezigeuza.

Clock ikiwa sawa na bado iko down, angalia encapsulation, yaani namna data inavyofungashwa kwenye linki. Cisco kwa Cisco kwa kawaida ni HDLC pande zote, ila moja ikiwa PPP na nyingine HDLC hazitaelewana kamwe. Na HDLC ya Cisco ni yake peke yake, ukikutana na ruta ya kampuni nyingine weka PPP pande zote mbili.

Kazini siku hizi seriali utaikuta kwa nadra, ni faiba na radio. Ila maswali ni yaleyale: waya upo, pande mbili zinaelewana? Kwenye faiba ya uzi mmoja SFP (vile vipande vya kuchomeka vinavyotuma na kupokea mwanga) zinaenda kwa jozi, kwa mfano moja inatuma mwanga wa nanomita 1310 inapokea 1550, ya pili kinyume chake. Ukiweka mbili zinazofanana pande zote, taa haiwaki hata ubadilishe kebo kumi. Na kama SFP yako inapima nguvu ya mwanga, iangalie kabla hujampigia mtoa huduma, ukiona kama -40 dBm hakuna mwanga unaofika kabisa, tafuta palipokatika au palipokunjwa.

Jambo moja la kwetu huku ambalo vitabu havilisemi: radi. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi sana duniani, na Mwanza tunajenga juu ya majabali, fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) ukiigonga inagota kwenye jiwe na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Radio iko juu ya paa, kebo ya shaba inashuka moja kwa moja mpaka poti ya WAN. Nimeona ruta nzima kabisa, imewaka, config ipo, poti moja tu imekufa, ni ile iliyokwenda kwenye antena, siku moja baada ya mvua ya radi. 1841 ina FastEthernet mbili, nikahamishia linki kwenye ya pili tawi likarudi. Tafuta udongo wenye unyevu hata kama ni mita kumi kutoka ukutani, weka kizuia radi kwenye hiyo kebo na ukiunganishe na ethi hiyo, na ukiweza vuka kipande cha nje kwa faiba, maana kioo hakipitishi umeme.

Mdogo wangu, weka hapa mstari wa mwisho wa show version na picha ya vichwa viwili vya hiyo kebo. Kama ni 0x2142 leo usiku inaisha. Kama ni 0x2102 na bado inasahau, tuwekee na show startup-config tuone kama kweli kuna kitu NVRAM, nitakuwa hapa mpaka saa nne.